Nafasi ya Baba Kuitikia

Enzi zetu, ukitaka kuongea na mtu aliye ng'ambo ulihitaji kaseti, betri nne na subira ambayo mimi sikujaliwa. Siku hizi kijana simu ikimkatikia kidogo tu anatukana mtandao mzima, na mimi namwangalia tu.

Nilikuwa na miaka minane kanisa letu hapa Makadara lilipomtuma baba Uingereza kuhubiri kwa miaka kadhaa. Baba alikuwa karani wa reli, na majirani walishangaa mno. "Si hao Wazungu ndio walituletea Injili?" Mama Achieng' wa mlango wa pili akauliza, sufuria ya omena mkononi. "Kwani wameipeleka wapi?" Nauli ilitosha mtu mmoja, kwa hivyo mimi na mama tukabaki.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya chai na mandazi, ushirika ulijaa sebuleni kwetu kumrekodia baba salamu. Upande mmoja wa kaseti ulikuwa wa kwaya, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Upande wa pili watu walisalimu kwa vyeo: mzee wa kanisa, halafu akina mama, halafu vijana, na watoto mwisho kabisa. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa na swali moja tu: baba, unarudi lini? Nikimuuliza mama alisema, "Muulize mwenyewe kwa kaseti."

Basi Mzee Shadraka, mzee wetu wa kanisa, anainamia redio ya kaseti. "Bwana asifiwe." Kisha kimya. Kaseti inazunguka, sisi tunatazamana. Mama aliwahi kumwambia kwa adabu kwamba baba hawezi kumsikia saa hiyo. "Najua, mama," akajibu, "lakini tumwachie nafasi aitikie. Utamsalimu mtu halafu umzibe mdomo?" Na wote waliomfuata wakaiga. Bwana asifiwe, kimya. Tena Bwana asifiwe, kimya tena. Mimi niko pale nang'ata kitambaa cha kochi kwa hasira. Zamu yangu ikifika nasema, "Baba," na kitufe kinaruka. Kaseti imekwisha. Mwezi uliofuata ni vivyo hivyo, na uliofuata huo pia. Baba alikaa huko mpaka akarudi, na lile swali sikuwahi kulimaliza. Kusema kweli, kinyongo hicho nilikiweka mpaka nikazaa watoto wangu.

Mwaka jana baba, sasa mtu wa mkongojo, aliomba nafasi kanisani atoe shukrani kwa miaka ile ya misheni. Aliongea weee. Alimshukuru Mungu kwa baridi, kwa viazi vya kila siku, kwa vikongwe wanane ambao ndio walikuwa kanisa lake zima. Nikaanza kuguna, maana sisi tuliobaki hatukutajwa. Ndipo akafika kwenye kaseti. Alisema kila Mzee Shadraka aliponyamaza, yeye kule chumbani aliitikia "Amina" kwa sauti, mpaka mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza anaongea na nani.

"Na mwishoni binti yangu aliniita," akasema. "Baba. Basi, hapo tu. Nikaitika, naam, mwanangu. Nikairudisha kaseti nyuma, akaniita tena. Siku nilizotaka kufunga virago, hiyo ndiyo iliyonishikilia."

Nililia mbele ya kwaya, mtu mzima na miwani yangu.

Leo binti yangu Neema ni muuguzi wa misheni ng'ambo, na namshukuru Mungu kwa utumishi wake. Lakini mtoto huyu ananichosha. Ana simu isiyoisha kaseti, hana mzee yeyote mbele yake kwenye foleni, na kwa wiki nzima ananiandikia maneno matatu tu, "Niko poa, mum." Sisi tungepewa simu hiyo tungeongea mpaka iungue.

Jumapili iliyopita nilimrekodia ujumbe. Nikasema Bwana asifiwe, nikanyamaza, kisha nikauliza anarudi lini. Akajibu upesi kuliko kawaida: "Mum, mbona hapo mwanzo kuna kimya hivyo? Ama simu yako imeharibika?"

Nikamwandikia kwamba simu ni nzima. Asikilize tena, na akifika hapo kwenye kimya, aitike.