Bwana Habari Apiga Hodi

Juzi, Temeke, nililikuta gari la habari la serikali likisifu chanjo ya ndui kwa kipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Hakuna mama aliyetoka na mtoto. Bibi mmoja, mjukuu mgongoni, alimwita kwa kidole bwana habari, kijana aliyekuwa akitangaza garini.

“Mwanangu, wapiga kelele mlangoni kwangu, na hodi hujapiga!”

Kijana akazima kipaza sauti, akashuka, akapiga hodi, akavua viatu, akaketi mkekani. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Haya, hiyo chanjo inauma?”

“Inauma, bibi. Mtoto atalia, na homa kidogo atapata.”

Bibi akainuka, akakaza mbeleko. “Twende. Sasa umesema.”

Jirani zake wakamfuata na watoto wao.

Tunadhani kazi ya bwana habari ni kusifu. Sifa zilifukuza kuku; “inauma” ndiyo iliyoleta watoto.