Mkokoteni wa Jumamosi

"Ati naskia aje? Naskia mjinga, madam! Andika hivyo!" Shivachi alitupa nyundo juu ya vyuma. "Wanafunzi wako wamepata A. Mimi nimepata matusi ya mtaa wa Mashimoni mzima."

Audrey, mwalimu wa design chuo kikuu, alishika karatasi zake za njano za kubandika. Kozi yake alitaka kuirekebisha na hiyo hiyo design thinking anayofundisha: sikiliza mtumiaji kwanza, chora baadaye. "Ndio nimekuja, fundi. Shida iko wapi?"

"Uliza huyu."

Apiyo, anayepelekea watu maji mlango kwa mlango, alikuwa amekalia mkokoteni ambao wanafunzi walichora na Shivachi akauchomelea. "Kiti poa sana," akasema. "Ya kubeba mitungi, bure kabisa. Inakwama kwa njia."

Shivachi si fundi wa jana. Aliacha shule kidato cha pili huko Vihiga, akajifunza kuchomelea mtaa wa Congo, Kawangware, kwa mjomba aliyemzaba kofi kila kipimo kikikosea. Alipofungua kibanda hapa Mashimoni, Kibera, sifa yake ilikuwa moja: kitu ya Shivachi inaingia. Mlango, dirisha, inaingia tu. Siku hizi watu wakipita wanamchokoza, "Shivachi, leo ni nini haiingii?"

"Lakini njia walipima," Audrey akasema. "Mita moja na nusu."

"Lini?"

"Jumamosi. Siku zingine wako darasani."

Apiyo akacheka mpaka akashika mbavu. "Madam, laini yetu ya nyumba ni watu wa Sabato! Jumamosi wote wako kanisa. Kuja Jumanne uone meza za samaki wa omena, jiko la Amondi la chapati, beseni za nguo. Hata mimi napita kiupande."

Audrey akatoa kalamu. "Ratiba inapangwa na ofisi."

"Basi fundisha ofisi hiyo thinking yenu!" Shivachi akadakia. "Miaka mitatu mnakuja Jumamosi! Mnapima njia ikiwa imelala, mnachora, na mimi nachomelea tu kama kondoo..." Hapo ndipo ilimuuma zaidi. Anaishi hapa, na hakutoa futi ya kupimia mfukoni hata mara moja. Aliamini karatasi kwa sababu imetoka chuo.

Audrey akaandika *Jumanne?* akabandika mlangoni.

"Toa hiyo alama ya kuuliza."

"Fundi, siwezi kuahidi..."

"Na mimi siwezi kuchomelea." Shivachi akamrudishia michoro mipya ya muhula huu, aliyokuwa ameletewa, bila kuifungua. "Siku mkipata Jumanne, mnajua kibanda kiko wapi."

Makina, mtaa wa jirani, kulikuwa na mama ambaye mlango wake umeanguka tangu asubuhi. Shivachi akainua mashine ya kuchomelea begani, akamwambia Apiyo amfungie kibanda, akashika njia.