Siku Kaka Futi Alipochagua Rimu

Kaka yangu wanamwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haitoki shingoni mwake. Ameenda nayo msibani, ameenda nayo benki, na siku ya harusi yake mwenyewe mama alimvua kwa nguvu wakati watu wameshaanza kuingia ukumbini. Ni fundi cherehani tangu hajaota ndevu. Miaka ishirini na sita tumeshona sare za shule katika chumba kimoja chenye dirisha moja, yeye akikata na kushona, mimi nikitoboa matundu ya vifungo, nikipiga pasi na kugombana na wateja. Kugombana na wateja nako ni kazi, msidharau, maana yeye hajui kusema hapana. Mke wake alipofariki nilihamia kwake kwa wiki mbili, nimpikie pikie mpaka atulie. Hizo wiki mbili sasa zina miaka tisa.

Mwaka jana akaja na gari. Lilikuwa la kusambaza mikate, refu, limezibwa pande zote, na ukifungua mlango wa nyuma lilikuwa bado linanukia mkate. Akaniambia atalifanya nyumba: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, cherehani mbili, na taa juu ya kila cherehani. Likiisha ataondoka nalo shule kwa shule, huko mbali ambako mzazi hufunga safari ya siku nzima kwa ajili ya sketi moja. Atawashonea pale pale getini. Angalieni vizuri: alisema ataondoka. Hakusema tutaondoka. Nilisikia hivyo hivyo na nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Sasa nieleweke. Nilitaka kwenda. Nilitaka mpaka nikawa naunguza kola za watu kwa pasi. Tangu nizaliwe sijafika mbali kuliko maduka ya vitambaa vya jumla, na huko nako nilikuwa nakwenda na kurudi siku hiyo hiyo na robota begani. Lakini kuomba siwezi. Kama ananitaka aseme, mdomo anao. Zile cherehani mbili zilinitia moyo siku moja nzima, hadi aliposema ya pili ni ya kudarizi nembo za shule, na nembo huwa anadarizi mwenyewe.

Alilijenga kwa miezi saba. Alipima kila kitu mara tatu, kabati, mlango wa kabati, hata sabuni ilipimwa kabla ya kutengenezewa kibati chake. Nami nilishika upande wa pili wa futi miezi yote saba, roho juu juu, nikijifanya sina habari.

Mwisho zikabaki rimu za magurudumu. Za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, kwa hiyo tukaenda kwa fundi wa matairi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa na seti mbili zinazoingia kwenye gari letu. Moja ya chuma, nyeusi, imekaa kisufuria sufuria. Nyingine ya aloi, mchanganyiko wa madini mepesi, ina mikono mitano iliyonyooka, inang'aa mpaka unaona meno yako. Kaka alipoziona hizo za pili macho yalimtoka.

"Za aloi ni nyepesi," fundi akasema. "Hazishiki kutu, na breki zinapoa haraka. Ila ikiingia shimoni vibaya inapasuka, na ikipasuka ndiyo basi. Ya chuma inapinda. Unatafuta nyundo, unaigonga, unaendelea na safari."

"Na kupendeza?" kaka akauliza.

"Kupendeza mimi siuzi, kaka yangu. Nauza rimu."

Ningemcheka kaka kwa swali lile, lakini nilishindwa. Kaka amevaa mashati ya rangi ya majivu maisha yake yote, aliyoyashona mwenyewe kutokana na mabaki ya suruali za wanafunzi. Viatu vyake vina umri wa kwenda shule. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa kuwa tu ni kizuri. Siku ile alizizunguka zile rimu mara nne, na kila akizunguka anazidi kuwa kijana. Damu yangu nayo ikaanza kunichemka kwa furaha, na mimi ndiye niliyekuwa nimeapa kwamba gari hilo halinihusu.

Fundi akaipindua moja na kutuonyesha namba iliyogongwa kwa nyuma: 950. Akasema hizo ndizo kilo ambazo rimu moja inabeba. Nyuma ya gari ziko mbili, na nyuma ndiko kuna mzigo wote. Za chuma zilikuwa zinabeba 1,100 kila moja. "Nakufungia za aloi," akasema, "pamoja na nati zake, maana zile za zamani hazikai humu. Kapime nyuma peke yake. Ikizidi elfu moja na mia tisa, nirudishie, uchukue za chuma. Usinione mbaya."

Tukaenda kwenye ghala la nafaka, ambako malori hupimwa. Mpimaji, bwana mmoja mwenye kofia ya sufu na kicheko cha karibu, akamwelekeza kaka akanyage bamba la mizani kwa magurudumu ya nyuma tu. Namba zikacheza cheza zikatulia kwenye 1,540. Kaka alirudi nyumbani kiwiko kiko nje ya dirisha, akipunguza mwendo kila penye kioo cha duka ili alione gari lake likipita. Nami nilikuwa naangalia, kwa nini nidanganye.

Furaha hiyo ilikaa mpaka chakula cha mchana. Kaka alikuwa na tonge mkononi, likaishia njiani.

"Tumekosea," akasema.

"Tumekosea nini tena?"

"Mtu akija kushona suruali nampima amesimama. Halafu namwambia nini?"

"Unamwambia akae."

"Namwambia akae. Nampima tena, kwa sababu suruali haichaniki mtu akiwa amesimama, inachanika akikaa. Sasa lile gari tumelipima limesimama tu, dada. Halina maji, halina kitambaa, halina hata sufuria."

Kesho yake tulilipakia kama tunahama nchi. Maji lita mia na hamsini, mtungi wa gesi, cherehani mbili na miguu yake ya chuma, marobota ya vitambaa vya muhula mzima, magodoro, vyungu, pasi, ndoo. Mengi nilibeba mimi. Nilifunga kila kitu vizuri na kukiandikia jina, mchele huu, chumvi hii, kwa sababu mwanamume huyu hawezi kuona chumvi ikiwa mbele ya macho yake, na huko aendako hatakuwa na wa kumwuliza. Nilikuwa nafunga huku nikifuta macho kwa kanga. Nikajipa sababu kwamba ni vumbi la marobota.

Tuliporudi ghalani, mizani ikasoma 1,862.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wangu. Kaka akatoa kichwa dirishani, akaulizia namba, akaambiwa, akatabasamu mpaka masikioni. Zimebaki kilo thelathini na nane. Rimu ni zake. Mpimaji akampa mkono kwa dirishani, nami nikapiga makofi, kwa kweli nilipiga, maana ukimpenda mtu utafanyaje.

Kisha kaka akanitazama.

"Panda," akasema.

Nikadhani kuna kitu kimelegea nikishikilie. Nikapanda kwa mlango wa nyuma, nikapenya katikati ya marobota. "Nishike nini?"

"Usishike kitu. Kaa hapo kwenye cherehani ya pili."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na mkanda, maana mbele kuna kiti cha dereva tu, na kilikuwa kifupi kidogo kuliko chake, kama ninavyopenda mimi. Nje nikamsikia mpimaji akicheka.

"Elfu moja mia tisa thelathini na nane! Bwana, mama ana kilo sabini na sita."

Mbele ya wapagazi wa ghala zima, kwa sauti. Kama nisingekuwa na jambo kubwa zaidi moyoni ningeshuka nimfundishe adabu.

"Bila mama ulikuwa sawa," akaendelea. "Akishuka, rimu zako zinatosha."

Kaka akazima gari, akateremka. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, mkono mmoja wa rimu baada ya mwingine, mpaka yote mitano. Nilimwelewa. Miaka hamsini na nne na hiki ndicho kitu kizuri pekee alichowahi kutaka. Nikainuka, nikashika mkoba wangu, nikashusha mguu mmoja chini. Nilijikaza kisabuni, nikapanga hata uso wa kushukia.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nashuka. Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia. Rudi ukae."

Akatoa simu mfukoni, akampigia fundi wa matairi.

"Fundi, zile za chuma usimpe mtu. Nakuletea hizi." Akasikiliza. "Hapana, hazina ubaya wowote. Ni nzuri mno." Akasikiliza tena, akaizungusha futi shingoni. "Hazimtoshi dada yangu."

Nikarudi nikakaa. Nikafunga na mkanda, ingawa gari lilikuwa limezimwa na mpimaji bado anatuandikia karatasi yake, kaka asije akabadili mawazo.