Sahani ya Mwari na Sahani ya Kungwi

Zamani, familia za Calabar zilipokuwa bado zikiwaweka mabinti ndani kabla ya ndoa, jina lililotajwa kwanza lilikuwa la Mma Atim. Hakuna kungwi aliyemfikia katika kazi ya kunenepesha. Binti aliingia kwake mwembamba kama ufito akatoka mashavu yamejaa na shingo ina mikunjo, na wakwe wakajua kwamba wanapokea mtu aliyetunzwa. Mwenyewe alikuwa tangazo la kazi yake: akiketi kwenye benchi la kanisani, waliokuwapo walisogea bila kuombwa.

Ufundi wake ulikuwa katika mpangilio. Kwanza kililetwa kilima cha viazi vikuu vilivyotwangwa kwa mafuta ya mawese, laini, visivyo na nyuzi, vikapita kooni kabla tumbo halijapata habari. Maharage, samaki wakavu na mboga za majani vilingoja mwisho, na mara nyingi havikufikiwa.

"Ukimpa mwari maharage mwanzo umejiharibia kazi," aliwaambia wasaidizi wake. "Maharage hukaa tumboni kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Na samaki ndiye anayemfungia mlango."

Miaka ikapita. Miezi ya kukaa ndani ikawa majuma, na magoti ya Mma Atim yakaanza kulalamika. Akaenda kwa Daktari Asuquo, ambaye mama yake alikuwa mwari wake wa zamani.

"Mma, magoti haya yamebeba watu wawili kwa muda mrefu," daktari alisema. "Mmoja itabidi umpunguze."

"Nimpunguze yupi, mwanangu? Wote nawapenda."

Daktari alicheka, lakini hakulegeza. Aanze na maharage, samaki na mboga za kutosha; cha kutwanga kije mwisho, kadiri ya ngumi. Nyuzi za maharage na mboga zitamshibisha, na samaki ataizuia njaa isirudi mapema.

Mma Atim alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Umesoma ng'ambo miaka yote hiyo, halafu unakuja kunifundisha kazi yangu kinyumenyume?"

"Kama unaijua, Mma, basi haitakusumbua."

Kuijua hakukumsumbua kamwe. Kuitii ndiko kulikokuwa na taabu, na pengine asingetii lau si kwa ajili ya Nkoyo, mjukuu wake, aliyekuwa karibu kuolewa. Siku mwari anapotolewa, kungwi hutangulia mbele yake akicheza, kutoka mlangoni hadi walipoketi wakwe. Mma Atim mwenyewe alichezewa hivyo na bibi yake, naye hakutaka kitu kingine duniani ila kumchezea Nkoyo. Basi akala maharage. Miezi ilivyokwenda, mwili ukapungua, na Jumapili moja akapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Huzuni yake ilikuwa moja tu: aliikosa njaa. Alikuwa ameishi nayo kama mtu anavyoishi na mume mwenye makelele; ilipoondoka, nyumba ikawa kimya mno.

Ndipo Nkoyo akaja kutoka Lagos kuwekwa ndani kwa majuma matatu, akiwa na gauni la harusi ya kanisani lililokwisha kushonwa, tena la kubana. Siku ya kwanza ziliwekwa sahani mbili: kilima cha mwari, na maharage ya kungwi.

"Bibi, nikila hiki zipu haitafunga."

"Mwari hachagui. Kula."

"Na wewe mbona unakitazama kama umemwona mchumba wako wa zamani?"

"Kula, mjeuri wee!"

"Tubadilishane basi. Nani atajua?"

Mma Atim aliyafikiria magoti yake. Akalitazama gauni lililotundikwa ukutani, kisha kile kilima kilichokuwa kikitoa mvuke. "Leo tu," akasema.

Leo hiyo ilidumu majuma yote matatu. Nkoyo alikula maharage na samaki, akaacha nusu, na hadi jioni hakutaka kitu. Bibi alimaliza kilima, na kabla kivuli hakijageuka uani tumbo lilikuwa limekwisha kumwita tena. Naye, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote kwa nini linaita, aliitika. Alijiambia kuwa anafanya hivyo kwa upendo. Upendo ulikuwamo, na mafuta ya mawese yalikuwamo zaidi.

Siku ya kutolewa ikafika. Ngoma zikalia, Nkoyo akasimama mlangoni na vitana vya shaba nywelani, mwembamba kuliko alivyoingia. Mma Atim akatangulia, mwili wake umejaa tena. Akainua mguu wa kwanza, akainua wa pili, kisha goti likakataa. Kiti kikaletwa mbio. Wakwe wakatazamana.

Mma Affiong, kungwi wa mtaa wa pili, ndiye aliyesema kwanza. "Jamani, Mma Atim hajazeeka kazini! Kanenepesha vizuri sana. Kakosea mtu tu!"

Uwanja mzima ukacheka. Nkoyo akacheza peke yake, na mbele yake pakabaki nafasi tupu. Alipopita karibu na kiti aliinama.

"Nisamehe, bibi."

"Cheza, mwanangu. Gauni umelijaribu?"

"Asubuhi. Zipu imefunga."

"Afadhali. Mdomo wangu ndio ulioshindwa kufunga."

Akampigia makofi akiwa ameketi, akitabasamu, na machozi yakimtiririka.

Wakati wa karamu, kama ilivyo desturi, kungwi aliletewa sahani ya heshima: kilima kikubwa kuliko vyote. Mkono ulianza kwenda, akaurudisha mapajani.

"Kiondoeni," akasema. "Nileteeni maharage kwanza."

Mpishi alikwenda jikoni, akarudi na chungu kitupu, akamwonyesha.

"Yamekwisha, Mma. Mwari ameyamaliza."