Mwaka Timu Yetu Ilipoomba Leseni

Mwenyekiti wa timu yetu alikuwa akilipa mishahara kutoka kwenye buti la gari. Mwisho wa mwezi, mazoezi yakishakwisha pale Igoma, alirudisha gari kinyumenyume hadi karibu na goli, akafungua buti lililonuka sangara, akaanza kuita wachezaji mmoja mmoja. Kila bahasha ilikuja na maneno yake. Kipa aliambiwa ampeleke mama yake hospitali. Winga aliambiwa aache kupiga chenga mbele ya goli letu. Aliyepata mtoto aliongezewa, mchelewaji alipunguziwa, na hakuna aliyenung'unika, maana mzee huyu mfanyabiashara wa samaki ndiye aliyenunua viatu, ndiye aliyejaza mafuta kwenye basi, na tukifungwa ndiye aliyelia kuliko wote.

Kisha tukapanda daraja, tukawa ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Huko mambo ya buti hawayataki. Shirikisho lilisema klabu isiyo na leseni haichezi, na leseni ilikuwa na masharti: mikataba ya wachezaji, akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa, mhasibu mwenye sifa. Ndipo mzee akanifuata nyumbani Buswelu, ambako nilikuwa nafuga kuku baada ya kiwanda cha pamba nilichokuwa nikikifanyia hesabu kufungwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe una vyeti vya uhasibu.”

“Ninavyo.”

“Timu inavihitaji.”

“Inavihitaji vyeti, au inanihitaji mimi?”

Alifikiri kidogo. “Haviwezi kuja peke yao?”

“Haviwezi.”

“Basi njoo navyo,” akasema, na sote tukacheka. Mpira wenyewe sikuujua. Nilidhani kuotea ni jambo la ndotoni. Lakini nilikuwa nimechoka kuzungumza na kuku.

Nilianza na mishahara. Niliwaandikia wachezaji mikataba, nikafungua akaunti, na malipo yakaanza kuingia kwenye simu zao tarehe ileile kila mwezi. Nikajiona nimefanya la maana. Wiki ileile beki wetu wa kati, mrefu kama nguzo ya umeme, akanifuata kwa aibu.

“Dada, hela imeingia, nashukuru. Ila hii ya kwenye simu haina maneno.”

“Maneno gani?”

“Ya mzee. Sasa nitajuaje kama nimecheza vizuri?”

Nikampelekea mzee ujumbe huo. Siku ya malipo iliyofuata alifika uwanjani mikono mitupu, akawaita mmoja mmoja kama zamani, akawapa maneno matupu. Walikwenda wote, hata majeruhi.

Kazi ngumu ilikuja na mkaguzi kutoka Dar es Salaam, binti mchangamfu aliyevaa raba nyeupe zilizopata tabu sana na matope ya mwalo, ufukwe wa kushushia samaki. Tulimpokea kwenye ofisi ya mzee, palepale samaki wanapopimwa. Alipitia mikataba, akaridhika. Akauliza kuhusu uwanja, akaridhika. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

“Mzee wangu, karibu kila shilingi ya timu hii inatoka kwako. Ukiamka kesho umeuchoka mpira, timu itakula nini?”

“Mimi sichoki.”

“Na ukiugua?”

“Siugui.”

“Na samaki wakigoma?”

Mzee alisimama, akatoka nje, akaenda kuutazama mzani. Mkaguzi alitupa leseni ya msimu mmoja kwa sharti kwamba tutafute vyanzo vingine vya mapato. Mimi nilifurahi. Mzee hakunipigia simu kwa siku kadhaa, na aliponipigia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka msibani.

“Yule binti amenizika ningali hai.”

“Alikuuliza tu, mzee.”

“Na wewe ungemjibuje? Bila mimi timu inakwenda wapi?”

Ningeweza kumbembeleza. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu mzima anayetaka kujua, nikamwambia ninavyoona. “Inakufa, mzee. Haifiki mwisho wa mwezi.”

Nikasikia mtu huko nyuma yake anapigana na bei ya sato. “Haya,” akasema. “Tufanye nini?”

Tukaanza kutafuta wanachama. Tulikwenda kwa akina mama wa dagaa, kwa mafundi gereji wa Igoma, kwa bodaboda wa Buhongwa. Ada iliwekwa ndogo, ya kulipwa kwa simu. Muuza magodoro mmoja alikubali kulipia jezi ili jina la duka lake likae kifuani. Mzee alitembea nami kila mahali, akisifia timu kama baba anayemposea mwanawe, lakini njiani alikuwa na wasiwasi.

“Hawa wakitoa hela watataka kusema.”

“Watasema, mzee.”

Na kweli walisema. Katika mkutano wetu wa kwanza, kwenye darasa la shule ya msingi, mama mmoja wa dagaa alitaka kujua kwa nini timu ikisafiri inalala gesti yenye bwawa la kuogelea wakati wachezaji wanatakiwa kulala. Fundi mmoja akadai kocha aeleze kwa nini mtu wa mguu wa kushoto anachezeshwa kulia. Kocha alitoka jasho. Mzee, aliyezoea kuuliza maswali yote peke yake, alicheka mpaka akafuta machozi.

Msimu ukiwa katikati, viwanda vilipunguza kununua sangara, na biashara ya mzee ikayumba vibaya. Aliuza boti, akauza na gari. Alikuja kunieleza mwenyewe, amekaa kwenye kigoda changu kati ya kuku, kwamba hataweza kutoa hata nauli ya timu. Nilimwambia twende tukaangalie hesabu pamoja. Tukakata hapa na pale: gesti ikawa hosteli ya kanisa, posho za viongozi tukazifuta, yangu ikiwamo. Mishahara ya wachezaji hatukuigusa, na iliingia tarehe yake, safari hii kutoka kwenye ada za wanachama. Alipoona hivyo alinishukuru kwa lugha ya kwao, “Wabeja, mwanangu,” akaondoka kwa miguu.

Hatukupanda Ligi Kuu. Tulimaliza katikati ya msimamo, mahali ambapo hakuna anayekupongeza wala kukuzomea, na leseni ikatoka tena, safari hii bila masharti.

Mzee hakugombea tena uenyekiti. Nafasi hiyo anayo sasa yule mama aliyeuliza habari za bwawa, naye anaiongoza klabu kama anavyopanga bei za dagaa, bila masihara. Mzee amebaki mwanachama, biashara inaanza kunyanyuka taratibu, na mkutanoni anakaa mbele. Mara ya mwisho alisimama akahoji gharama za kufulia jezi, akataka tununue mashine yetu wenyewe. Hoja ilipita kwa makofi. Mashine imewekwa kwangu Buswelu, kwa sababu nina tanki la maji, na kila Jumatatu kamba zangu zinajaa soksi, huku kuku wakizitazama.