Kulala Chini ya Paa Moja

Siku moja kabla ya baraza la chifu nilikuwa juu ya paa la kanisa pale Awasi, nikipigilia mabati. Kutoka pale juu niliona barabara ya Kericho ikinyooka hadi ilipopotelea kwenye mashamba ya miwa. Nyuma ya kanisa kulikuwa na stoo, jengo la peke yake, na kati ya majengo hayo mawili palikuwa na nafasi ya mtu kupita na toroli. Katekista alitaka maji ya mvua ya majengo yote yaingie tangi moja. Nilimshauri tuunganishe mapaa: mabati manne juu ya nafasi ile na mfereji mmoja. Alikubali. Jioni nilishuka nikasimama mbali kidogo kuitazama kazi. Mstari ulikuwa umenyooka. Nilikuwa fundi kijana bado, na mstari ulionyooka ulitosha kunipeleka nyumbani nikipiga mluzi.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa mashariki, karibu na mpaka wa mashamba ya miwa. Niliishi na mke wangu Akinyi na binti yetu Achieng, ambaye hakuwa ameanza kutembea. Mama yake Akinyi, mjane, alikaa ng'ambo ya mto. Mama mkwe kwa lugha yetu ni maro, na kati ya maro na mkwe wake wa kiume kuna mipaka. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Zaidi ya yote, hawalali chini ya paa moja. Hiyo ni kwer, mwiko mkubwa, na anayeuvunja huleta chira, maradhi ya kukonda yasiyojua dawa. Chira haimfuati mvunjaji peke yake. Hupenda kuanza na watoto.

Jioni hiyo nilimkuta maro uani kwetu, amempakata mjukuu. Hakunitazama. Alizungumza na mtoto.

"Achieng, mwambie baba yako baiskeli yake imelala kwenye njia ya watu."

Niliiondoa.

"Achieng, mwambie baba yako asante. Na umwambie wingu lile ni la mvua, mimi naenda."

"Mama, subiri kwanza mvua ipite," Akinyi alisema. "Utanyeshewa."

"Mvua inajua njia ya kwangu. Mimi pia naijua."

Akaondoka. Mvua ilimkuta kabla hajafika mtoni. Alipendelea hivyo kuliko giza kumkuta kwangu.

Wakati huo habari za nyumba kuchomwa zilikuwa zimetufikia, lakini zilikuwa habari za mbali. Kwenye baraza chifu alisoma amri: kila panga, mkuki, upinde na rungu lipelekwe ofisini kwake. Serikali ingetulinda. Atakayekutwa na silaha atahesabiwa kuwa mchochezi.

"Na miwa tukate na meno?" jirani mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

"Wewe una meno?" chifu alimjibu, na watu wakacheka zaidi.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini nilikuwa nikisoma peke yangu vitabu vikuukuu vya soko la Kibuye. Kimoja kilikuwa cha uraia. Kilieleza kwamba raia huiachia serikali haki yake ya kujilinda kwa nguvu, na serikali humpa usalama badala yake. Niliyaona maneno hayo kuwa ya haki na yenye mpango. Nilipeleka panga langu. Jirani yangu alipeleka mkuki wa babu yake, akaulaza juu ya rundo taratibu, kama anayelaza mtoto.

Walikuja asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa.

Kwanza tuliona moshi. Kisha mtu alipita mbio bila kusalimia, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Akinyi alimchukua mtoto. Mimi nilichukua nyundo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Mshale uligonga mlango nyuma yetu. Sikugeuka.

Jirani yangu alikuwa amelala kwenye njia ya mtoni. Tulimruka.

Maro tulimkuta barabarani, na kikapu kichwani, akitembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa sokoni. Alimpokea Achieng kwa Akinyi, akamfunga mgongoni kwa leso, na mimi nikajua la kufanya bila kuambiwa: nilitangulia mbele ili tusitembee bega kwa bega. Hata hapo, moshi ukiwa nyuma yetu, tuliacha nafasi kati yetu.

Tulifika Awasi alasiri. Kanisa lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wamelala hadi chini ya madhabahu, na stoo ilijaa wazee na wagonjwa. Polisi walikuwa wamepiga mahema barabarani. Mkuu wao, inspekta mwenye sauti iliyokauka, alisimama mlangoni akatupa amri yake kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe.

"Jua likizama, wote ndani. Mpaka jua litoke tena. Vijana wangu wameambiwa hivi: kitu chochote kinachosonga nje, piga. Sitaki maswali. Hii ni kwa usalama wenu."

Alisema kitu. Hakusema mtu. Nililisikia neno hilo, na nadhani kila mtu alilisikia.

Maro aliingia hadi mlangoni, akatazama ndani, akanitazama mimi kwa mara ya kwanza tangu nimpose binti yake, kisha akarudi nje akaketi kando ya tangi.

"Akinyi," aliita. "Mwambie orwa, mkwe wetu, mimi nitakaa hapa."

Akinyi alimfuata. Alimwambia kanisa si nyumba ya mtu. Maro akauliza kama lina paa. Akinyi akasema ni nyumba ya Mungu. Maro akajibu kwamba Mungu haoi, aliyeoa ni mkwe wake.

Katekista alikuja akapiga magoti mbele yake. "Mama, vita haina kwer. Mungu ataelewa."

"Mungu nitaongea naye mwenyewe," alisema. "Chira ndiyo haielewi. Mimi nimezeeka, mwanangu, haina haja na mimi. Inamtaka huyu." Akamgusa Achieng mguu. "Nimezika watoto watatu. Sijui ni nini kiliwaua. Huyu sitampeleka kwa mikono yangu."

Hakuwa mkaidi. Naandika hivyo kwa sababu baadaye wengi walimwita mkaidi. Alikuwa akimlinda mtoto wangu kwa sheria pekee aliyoamini kwamba inalinda.

Nilimwendea inspekta. Niliomba nilale mimi kwenye lori lao. Akasema raia haruhusiwi. Niliomba basi maro alale kwenye lori. Akaniuliza kama namwona kama mwenye hoteli.

Ndipo nilipokumbuka stoo. Watu wangeweza kumpa nafasi mle. Nilimpelekea habari hizo kupitia Akinyi, nikafurahi kwamba nimepata njia. Maro alisimama, akazunguka jengo polepole, kichwa juu, akitazama mabati. Watu kadhaa walimfuata. Alisimama pale kwenye nafasi ya kupita.

"Hii ni nini?"

Ilikuwa kazi yangu, na mstari ulikuwa umenyooka.

"Mabati manne tu, Mama," alisema Bwana Kamau, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni na sasa alikuwa mkimbizi kama sisi. "Ukuta ni mbili. Nyumba ni mbili."

"Mtu halali chini ya ukuta, Bwana. Analala chini ya paa."

"Kwetu mama mkwe akija anapewa kitanda, mimi nalala chini."

"Ndiyo maana mko wembamba," mzee mmoja akasema, na hata maro akatabasamu.

Mabishano yalianza. Wengine walisema paa ni pale maji yanapotoka, na maji ya majengo yote yaliingia tangi moja, basi paa ni moja. Wengine walisema paa ni mbao, na mbao hazikuungana. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba zao asubuhi ile walibishana juu ya paa la mwingine kwa bidii, na kwa muda mfupi nyuso zao zilifanana na nyuso za watu walio nyumbani.

Mimi nilikuwa na nyundo. Nilipanda.

Bati la kwanza lilitoka kwa urahisi. Nililishusha kwa Bwana Kamau. La pili nalo likatoka. Jua lilikuwa limegusa miti. Misumari ya bati la tatu nilikuwa nimeipigilia vizuri sana, na ililia kila nilipoing'oa.

"Wewe! Unafanya nini huko juu?"

Inspekta alikuwa chini, mkono kiunoni.

"Natenganisha paa, afande."

"Unaharibu kanisa? Shuka!"

"Limebaki moja tu, afande."

"Kelele yako inasikika mpaka Ahero. Vijana wangu wanaona mtu juu ya paa, jua linazama. Unataka wafikirie nini? Shuka sasa hivi."

Polisi mmoja alikuwa ameshainua bunduki. Alikuwa kijana. Nilishuka.

Maro alitazama juu. Bati moja lilikuwa bado limeshika pande zote mbili.

"Bado zinashikana," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayekagua kazi. Akamfungua Achieng mgongoni, akampa Akinyi, akarudi kwenye tangi.

Akinyi alimvuta mkono. Maro akautoa mkono wake, kidole kimoja kimoja. Mimi nilikwenda mlangoni nikasema nitatoka mimi. Polisi aliyekuwa pale alinisukuma ndani kwa kitako cha bunduki na kuuburuta mlango. Kizee akikaa kimya karibu na tangi hakuna atakayemdhuru, alisema. Mwanamume akitoka ni jambo jingine.

Hoja yake ilikuwa na akili. Niliikubali.

Usiku ulipita. Mtoto alilia, akanyamaza. Hatukusikia kitu.

Kulipopambazuka, jua likiwa halijatoka, tulisikia risasi moja.

Halafu sauti ya maji.

Risasi ilikuwa imempenya maro ikatoboa tangi. Alikuwa amesimama kukunja leso yake, kama afanyavyo kila mwanamke akiamka. Maji yalimwagika juu yake hadi tangi lilipobaki nusu.

Yule polisi kijana aliketi chini akaweka bunduki kando. "Niliona kitu," alisema. "Niliona kitu kinasonga." Alilirudia neno hilo kwa inspekta, kisha kwa katekista, kisha kwa Akinyi, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye matope na hakumsikia. Inspekta hakumkaripia. Angemkaripia kwa lipi? Jua lilikuwa halijatoka.

Tulitaka kumpeleka kwake, ng'ambo ya mto, azikwe bomani mwake kama inavyotakiwa. Njia ilikuwa imefungwa na boma lilikuwa majivu. Inspekta aliamuru mwili uwekwe ndani, kwa maana jua likizama hakuna kitakachobaki nje. Wazee wa stoo walisogea, wakapata pa kumlaza.

Nilimwendea inspekta nikamwomba nimalizie bati lililobaki.

Alikuwa akiandika ripoti. "Malizia," alisema, bila kuinua uso.

Halikunichukua muda. Bwana Kamau alilipokea chini, akaliegemeza ukutani pamoja na mengine matatu. Usiku huo maro alilala chini ya paa lake na mimi nikalala chini ya langu, na kati yetu anga lilionekana. Kesho yake tulimzika nyuma ya kanisa, katika ardhi isiyokuwa ya watu wake wala ya watu wa mumewe.

Tangu hapo tumeishi Obunga, mjini Kisumu, na nimesoma mengi juu ya swali la kama mtu ana deni la kutii. Wanaosema ndiyo wananieleza nchi isiyo na sheria inavyokuwa. Wanaosema hapana wananieleza amri mbaya na watu waliozikataa kwa ujasiri. Sijapata anayenieleza Awasi. Pale kila mtu alitii. Jirani yangu alitii, akafa bila mkuki. Inspekta alitii, na kijana wake pia. Maro alitii. Mimi nilishuka nilipoambiwa shuka. Hata wale wenye mishale, nimesikia, walikuwa wametumwa. Nimejaribu kulipanga jambo hili kwa kila namna ninayoijua, nikimwondoa huyu na kumweka yule, na kila mara mwanamke anasimama kukunja leso yake.

Achieng alikua bila maradhi yoyote. Sisemi kwamba hilo linathibitisha kitu. Ameolewa hapa hapa Kisumu na mtu mpole mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Achieng alipojifungua, Akinyi alikwenda kila asubuhi kumsaidia, na kila jioni alirudi, hata siku mvua ilipofunga barabara. Mkwe wetu alinipigia simu akiona aibu. "Baba, mwambie Mama alale. Siku hizi watu wanalala. Hata pasta amesema hakuna shida."

Nilikwenda kumchukua. Nilimkuta ameshatoka nje ya geti, viatu mkononi, maji yakipita miguuni mwake. Nilimwambia alivyosema mkwe wetu. Nilimwambia pia, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, kwamba mimi mwenyewe siamini chira.

"Hata mimi siamini," Akinyi alisema.

Nikamwuliza basi kwa nini halali.

Alinishika bega ili avae viatu, kwanza kimoja, kisha cha pili.

"Nikilala humo," alisema, "mama alikufa kwa nini?"