Pikapu ya Tarumbeta na Valvu ya Moshi

Gari langu ni pikapu ya dizeli, ya zamani, na kazi yake ni kubeba watu wa tarumbeta kwenye harusi. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu mtu akisikia nina pikapu hapa Kariakoo anadhani nabeba marobota ya vitenge. Sibebi marobota. Nabeba ngoma, tarumbeta na wenye kuzipuliza. Wanasimama nyuma kwenye bodi, mimi natangulia polepole, gari la bibi harusi linafuata, ndugu wanafuata hilo, na mtaa mzima unajua kuna mtu anaolewa. Ukiniuliza kazi nzuri kuliko zote mjini nitakwambia ni hii. Hakuna siku niliyowahi kwenda kazini nikakuta watu wamenuna.

Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo haya ya injini nitakayoyaeleza ni kama nami nilivyoelezwa, nikayaona kwa macho yangu, na aliyesoma zaidi atanivumilia.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Watu wa pwani wanaujua mwezi huo. Kila mwenye posa anataka ndoa ipite kabla ya mfungo, basi kumbi zimejaa, wapambaji hawana nafasi hata ya kula, na pikapu zote za mjini zimeshakamatwa. Ukikosa yako huna pa kuazima.

Sasa mpuliza tarumbeta mkubwa wa kundi letu ni rafiki yangu, Mzaramo mwenzangu. Tumekua pamoja hapa Gerezani, tumeoa mwaka mmoja, na mashavu yake nimeyaona yakivimba kwenye harusi nyingi kuliko zile nilizokula pilau. Pilau nalo lina habari yake, maana dereva wa tarumbeta huwa anasahaulika, anakumbukwa sufuria limeshabaki ukoko. Lakini tuliache. Rafiki yangu huyu alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Jumamosi ya wiki ile. Na binti huyo tangu hajaota meno ya pili alikuwa akimwambia baba yake, siku yangu utanipulizia wewe, sitaki mtu mwingine. Baba akiapa. Yakawa ndiyo maneno yao ya kila siku, mpaka mtoto amekuwa mwalimu na bado anamkumbusha.

Tatizo lilikuwa gari langu. Lilikuwa linatoa moshi, na siyo moshi wa kawaida wa dizeli, ni moshi mweusi kama mtu anachoma matairi. Majirani wakisikia nimeshika ufunguo wanaanua nguo. Nguvu nazo zilikuwa zimekwisha, nakanyaga mafuta na gari linafikiria kwanza. Kila mtu aliniambia ni nozeli, vile vimdomo vinavyomwaga dizeli ndani ya injini. Nikabadilisha nozeli. Moshi ukabaki palepale, labda ukanenepa kidogo.

Basi harusi moja kule Ilala, rafiki yangu akakatika katikati ya wimbo. Akainama, akakohoa, akatema kwenye leso, na leso ikawa nyeusi. Kijana, mpulizaji wetu wa pili, akaudaka wimbo hewani, watu wakaendelea kucheza, hawakujua. Mimi nilijua, kwa sababu nilimwona kwenye kioo.

Jumanne akaja barazani kwangu. Tukanywa kahawa. Akazungumza habari za maturubai, za shemeji zake waliofika kutoka Kisarawe na magunia ya mihogo kana kwamba mjini hakuna mihogo, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi atapuliza yule kijana. Yeye atakaa kwenye gari la wazazi, apandishe kioo.

Nikamwambia ni moshi wa gari langu, nitaushughulikia.

"Moshi tumeuvuta miaka yote," akasema. "Hiki ni kifua. Kimechoka. Mtoto usimwambie, nitamwambia mwenyewe."

Na alikuwa hajamwambia, na siku zilikuwa zinakwenda.

Nikamburuza kesho yake mpaka kwa fundi, pale Gerezani karibu na ukuta wa reli. Yeye alidhani ananisindikiza tu. Fundi wetu ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazaramo. Anaweza kututukana asubuhi mpaka jioni na hatuna haki ya kukasirika, na msibani kwetu ndiye anayekuja kulala kwenye jeneza tupu mpaka apewe chai. Alipoona pikapu inaingia na wingu lake akaziba pua na kutangaza kwa karakana nzima kwamba Wazaramo leo wamekuja na jiko la mkaa lenye magurudumu.

Nozeli hakuzigusa. Akafungua kitu kidogo pembeni ya injini, ukubwa wa kikombe cha chai, chenye kofia ya bati juu na kimpira chembamba cha upepo kinachoingia kwenye kofia. Akakigeuza tukachungulia ndani. Mlikuwa mmejaa masizi yaliyochanganyika na mafuta, mazito, kama halua iliyoungua chini ya sufuria. Katikati kuna kipini kinachotakiwa kupanda na kushuka. Kilikuwa kimegandia juu.

"Gari lenu linakunywa moshi wake lenyewe," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba gari la dizeli limetengenezwa linywe moshi wake. Nimeendesha maisha yangu yote, sikujua. Alivyoeleza ni hivi. Injini inavuta hewa, inachoma dizeli. Hewa ikiwa safi kupita kiasi wakati gari halina kazi nzito, moto ndani unakuwa mkali mno, na moto mkali unazaa hewa mbaya isiyoonekana, ile inayochoma macho na kukwaruza koo. Basi walioliunda wakaweka hii valvu, mafundi wanaiita EGR, inarudisha moshi kidogo kutoka ekzosi, bomba la kutolea moshi, mpaka njia ya kuingizia hewa. Moshi huo umeshaungua, hauna cha kuchoma, unaupooza moto tu. Nikamwambia kumbe ni kama mke wangu anavyofunika mkaa kwa majivu wali usiungue. Akasema ndiyo, Mzaramo chochote utamwelewesha kwa wali.

Lakini ukikanyaga mafuta, injini inataka hewa yote. Hapo kipini lazima kishuke, valvu ifunge. Yangu ilikuwa haifungi. Nakanyaga, dizeli inamwagika nyingi, hewa imejaa moshi, haiungui vizuri, basi inatoka nyeusi na nguvu hakuna. Ndio ugonjwa wenyewe wote.

Nikauliza imegandaje. Fundi akaniangalia kama mtu anayesikitika.

"Mwendo wako. Gari hili linaenda gia ya kwanza toka limezaliwa, nyuma kuna bibi harusi. Halijawahi kukimbia likapata joto likatapika masizi. Umeliharibu kwa adabu."

Rafiki yangu alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa akaacha kucheka.

Fundi akakilaza kile kidude kwenye bakuli la petroli, akakikwangua kwa bisibisi, akakisugua kwa mswaki wa meno, akakifuta na kukipuliza. Ilichukua muda, chapati mbili zikaliwa. Mwisho kipini kikawa kinang'aa. Ikabaki kupima ngozi ya mpira iliyo ndani ya kofia kama haijatoboka. Injini yenyewe inaivuta kwa pampu ya upepo, lakini fundi huwa anavuta kwa mdomo kupitia kile kimpira. Siku hiyo mdomo wake ulikuwa na chapati.

"Si kuna mtu wa tarumbeta hapa?" akasema. "Njoo, vuta."

Rafiki yangu akanitazama. Mimi nikatazama reli. Akakifuta kimpira kwa shati, akakiweka mdomoni, akavuta.

Kipini kikapanda. Taratibu, kama kobe anatoa shingo. Fundi akamwambia shikilia hapohapo, usiachie, halafu akaondoka kwenda kubishana na mteja aliyekuja kuuliza gasketi, wakabishana wee, wakataja na ukoo. Akarudi. Rafiki yangu bado ameshika, macho yamemtoka, kipini kipo juu. Alipoachia kikaanguka, tap.

"Na hiki ndicho kifua mnachosema kimechoka?" fundi akauliza. Nilikuwa nimeshamnong'oneza. "Tukifunge kwenye injini hiki, pampu tukauze."

Rafiki yangu akarudisha kimpira mdomoni, akavuta tena. Tap. Akavuta tena. Uso ulikuwa umebadilika, ulikuwa uso wa mtu aliyekuta shati alilodhani limeibiwa liko kambani. Ilibidi fundi amnyang'anye.

Sasa niseme kitu. Baadaye fundi aliniambia pembeni kwamba ukishavuta mara moja na kuziba kwa ulimi, ile ngozi inakaa juu yenyewe, hata mtu anayeumwa angeishikilia mpaka kesho. Nikamwambia afunge mdomo wake wa Kinyamwezi. Akaufunga, jambo ambalo halijatokea tena.

Likabaki moja. Mafundi wengi pale, na fundi wetu hakuficha kwamba naye hufanya, wakishaitoa valvu hukata kipande cha kopo la soda, wanaziba ile njia moja kwa moja, haigandi tena milele. Akatuonyesha kopo. Akasema moshi mweusi utakwisha, nguvu zitarudi, dereva hatajua tofauti. Ila ile hewa isiyoonekana itarudi kwa wanaokaa nyuma ya gari. Akasema hiki kidude dereva hakimsaidii kitu, kiliwekwa kwa ajili ya mtu wa nyuma.

Mimi nilishafungua mdomo kusema ziba. Rafiki yangu akaniwahi.

"Mtu wa nyuma ni mimi," akasema. "Kirudishe."

Kikarudishwa. Fundi akatuagiza tukaliendeshe gari kwa nguvu, tulitoe uvivu wa miaka yote. Tukashika barabara ya Kilwa mpaka daraja la Kigamboni, nikashusha gia, nikakanyaga. Kwenye mpando lilikohoa wingu moja la mwisho, likasafika, likapanda daraja kama gari la mtu mwingine. Rafiki yangu alikuwa amekaa nyuma kwenye bodi kwa makusudi. Nilipoangalia kioo alikuwa ameachama mdomo, anaumeza upepo wote wa bahari.

Jumamosi alipanda na kanzu nyeupe. Wenzake walimwonya, akasema kanzu ni yake. Tukatoka Gerezani, tukaingia mtaa wa Msimbazi. Wauza viatu wakawa wanacheza na kiatu kimoja mkononi, bajaji zikapiga honi kwa mdundo, mama mmoja akashuka ngazi za kituo cha mabasi ya mwendokasi na mzigo wake akasimama akauzungusha mwili mpaka wimbo ukapita. Na yeye akipuliza. Hakuudondosha wimbo hata mmoja. Yule kijana wa pili akabaki kugonga ngoma.

Tukakata kuingia barabara ya Uhuru, tukapita Mnazi Mmoja, ukumbi ukawa karibu, Upanga hapo mbele. Nikawasha indiketa. Mara nikasikia ngumi kwenye paa, na kichwa chake kikainama dirishani kwangu, jasho linachuruzika, kanzu bado nyeupe.

"Usikate. Zunguka tena."

Nikamwambia ukumbini wanasubiri.

"Wanakula karanga. Muulize mwenye harusi."

Nikatazama kioo. Binti alikuwa ametoa kichwa na mabega nje ya dirisha, mpambe wake amemshikia shela isiruke, anacheka na kulia kwa pamoja, na kidole kinachora duara hewani. Simu yangu ikaanza kuita. Alikuwa mshereheshaji, anataka kujua tuko wapi. Lakini kule nyuma tarumbeta ilikuwa imeshaanza wimbo mwingine, hata ningepokea nisingemsikia. Nikazima indiketa, nikageuza pikapu kurudi Kariakoo, na msafara wote ukageuka na mimi.